Je, wajua? Kwa nini aliyecheza gemu na asiyecheza hawaioni anime kwa jicho moja?

Kwenye kibanda cha gemu pale Chikongola, Mtwara, ubishi wa mpira ukiisha huingia wa anime, zile katuni za Kijapani. Majuzi ilikuwa zamu ya Steins;Gate. Kijana mmoja, aliyecheza gemu yake, anadai anime imemega utamu. Mwenzake hajawahi kuigusa hiyo gemu, naye anaapa hajaona kitu kama kile. Wote wametazama epsodi zilezile 24. Inakuwaje?

Tatizo ni padi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu. Mwenye padi ndiye anayeamua, kwa hiyo mhusika akifa, lawama ni zake. Anime inampokonya padi na kumwambia akae atazame. Mimi nikitaka kuipima nauliza: mahali pa padi wameweka nini?

Gemu ya Steins;Gate ilitoka 2009 kwenye Xbox 360. Ni ya kusoma zaidi kuliko kupigana: unashika simu ya mhusika mkuu, Okabe, unaamua meseji ipi ujibu na ipi uipuuze, na uamuzi huo unakupeleka kwenye mmoja wa miisho 6. Studio ya White Fox, ilipotengeneza anime mwaka 2011, ililazimika kushika njia moja.

Halafu kuna sayansi yenyewe. Huku kwetu korosho ghafi haihukumiwi kwa macho. Inachukuliwa sampuli, inakatwa, kiini kinatazamwa. Hadithi ya kisayansi nayo naikata hivyo: chombo chake kina sheria, na sheria hiyo inaheshimiwa? Okabe na wenzake, mtaani Akihabara, Tokyo, wanaunganisha simu na maikrowevu na kutuma meseji zinazofika jana. Lakini meseji haizidi herufi 36, au 18 za Kijapani. Kwa ufinyu huo hawawezi kujieleza, na madhara yanatokea wasikotarajia. Kiini kizima kabisa.

Nusu ya kwanza inajikokota, sifichi, nilikaribia kuiacha. Kisha rafiki wa Okabe anakufa, naye anarudi nyuma kumwokoa. Anashindwa. Anarudi tena, anashindwa tena. Aliyewahi kukwama kwenye leveli moja usiku kucha anaijua hali hiyo: unakufa, unaanza upya. Tofauti ni kwamba Okabe anakumbuka kila kifo, na kila mara anazidi kuchakaa. Padi iliyopokonywa mtazamaji imegeuka mzigo wa mhusika.

Cyberpunk: Edgerunners ya studio ya Trigger, epsodi 10 za mwaka 2022, ilikwepa mtego mapema. Ilichukua mji wa Night City kutoka Cyberpunk 2077 (gemu ya 2020 iliyotoka na kasoro nyingi hadi Sony ikaiondoa kwa muda dukani kwake), ikamwacha mhusika wa mchezaji na kubuni kijana mpya, David. Kifaa cha uti wa mgongo kinachopunguza kasi ya muda kimo kwenye gemu pia. Kwenye anime unauona mwili wa David ukiacha vivuli vya rangi nyuma yake, na unaona jinsi kinavyomla.

Kwa hiyo yule mlalamikaji wa Chikongola hakukosea: miisho mingine aliyoifikia kwa mkono wake haimo kwenye anime. Edgerunners haimpi kinyongo hicho, maana maisha ya David hakuna aliyewahi kuyachezea kabla.