Baguette haitaki maziwa wala siagi jamani

Wengi wanaamini ili baguette, ule mkate mrefu mwembamba wa Kifaransa, utoke vizuri lazima utie maziwa, siagi, sukari na mayai, halafu wakikosa lile ganda kavu linalolia ukivunja wanalaumu unga. Hapana kabisa. Ufaransa kuna amri ya serikali ya 1993, mkate wao wa asili kimsingi ni unga wa ngano, maji, chumvi na hamira au chachu, basi. Siagi na maziwa ndo vinalainisha ganda, utapata mkate wa chai, mtamu kweli ila sio huo.

Utamu unatoka kwenye kuumuka taratibu, kwa hiyo nusu kilo ya unga tia hamira nusu kijiko cha chai tu ulaze friji usiku kucha. Na ganda ni moto mkali na mvuke: oveni ifike digrii 230 hivi, sinia tupu iwe chini, ukiingiza mikate mwaga maji ya moto humo ufunge mlango chap, mvuke unaacha ngozi ya donge laini dakika za mwanzo mkate ufutuke, baada ya dakika 10 toa sinia ganda likauke. Usiutoe ungali mweupe mweupe, utalegea kabla watoto hawajakaa mezani.