Kulala kwenye kitanda cha taa ili ngozi iwe kahawia: maswali na majibu

Swali: Si ni kama kuota jua tu?
Jibu: Jua lenyewe linaunguza, ujue. Hizi taa zinatoa miale ya ultravioleti, nyingi ikiwa ya aina iitwayo UVA, na mashine zenye nguvu zinaweza kukupiga UVA mara 10 mpaka 15 ya jua la saa sita mchana, halafu UVA inaingia ndani kabisa ya ngozi na ndiyo inayoleta makunyanzi mapema.

Swali: Kansa kweli au wanatutisha?
Jibu: Kweli. Mwaka 2009 shirika la utafiti wa saratani la WHO (IARC) liliziweka hizi mashine kundi la 1, la vitu vinavyoleta saratani, ambako sigara nayo ipo. Haimaanishi hatari inalingana na sigara, inamaanisha ushahidi umeshajitosheleza, hakuna cha kubishana tena. Ukianza kabla ya miaka 35 ndo mbaya zaidi kwa melanoma, saratani ya ngozi inayosambaa haraka. Brazil walipiga marufuku mwaka huohuo.

Swali: Mimi nalala kwenye taa kupata rangi kidogo tu kabla ya likizo, ngozi izoee, nisiungue.
Jibu: Hapa ndo wengi wanadanganyika. Ile rangi ni ngozi inajihami baada ya DNA yake kuumizwa, yaani umeshaumia ndo ukapata hiyo rangi, na kinga yenyewe ni kama SPF (kipimo cha nguvu ya krimu ya jua) 3 au 4, sasa hiyo itakusaidia nini?

Swali: Macho nikiyafumba?
Jibu: Kope ni nyembamba, miale inapita. Unaweza kuunguza konea (utando angavu wa mbele ya jicho), na baadaye ukapata mtoto wa jicho. Bila miwani maalum usithubutu, na hata ukiivaa ngozi inaendelea kuumia vilevile.

Swali: Na vitamini D?
Jibu: Hiyo inatengenezwa na UVB, aina nyingine ya hiyo miale, na taa nyingi zina kidogo. Meza vidonge, basi.

Swali: Natumia antibiotiki ya doxycycline, kuna shida?
Jibu: Ipo, inafanya ngozi iungue haraka mno. Baadhi ya dawa za presha pia.

Swali: Nimeshazitumia miaka, nifanyeje?
Jibu: Acha leo, halafu jikague mwili mzima, mgongoni muombe mtu akuangalizie. Doa jipya, au la zamani linalokua, lenye kingo zisizo sawa, rangi mchanganyiko, linalowasha au kutoa damu, mwonyeshe daktari wa ngozi, usisubiri liume maana mara nyingi haliumi.