Haki ya njia si ruhusa ya kugonga: dhana potofu za mbio za matanga

Msimu wa mashindano ukianza, sisi tunaoketi kwenye vikao vya malalamiko klabuni tunajua tutaisikia tena sentensi ileile kutoka kwa nahodha aliyepasuka ubavu wa mashua: "Lakini mimi nilikuwa na haki ya njia." Huitamka kwa utulivu, kesi kwake imekwisha. Mara nyingi haki alikuwa nayo kweli. Na si mara moja ametoka kikaoni amefutiwa matokeo pamoja na yule aliyemgonga, akishangaa. Mshangao huo umenichosha.

"Anayepata upepo kulia anapita tu"

Msingi wanaujua wote. Vyombo viwili vikikutana, kimoja kinapata upepo kwa ubavu wa kulia na kingine wa kushoto, wa kushoto anapisha. Wakiwa wote upande mmoja wa upepo na wanakwenda sambamba, aliye joshini, upande unakotoka upepo, humpisha aliye demanini, upande unakoelekea. Wasipokuwa sambamba, wa nyuma humpisha wa mbele. Hapo ndipo wengi hukifunga kitabu cha kanuni, na balaa lote limeandikwa kurasa zinazofuata.

Kanuni ya 14 ya mbio za matanga inataka kila chombo kiepuke kugusana na kingine pale inapowezekana. Kila chombo, hata chenye haki. Anachopewa zaidi mwenye haki ni subira: halazimiki kuchukua hatua mpaka iwe wazi kwamba mwenzake hapishi. Ikishakuwa wazi, naye ageuze usukani. Wakigusana kidogo pasipo uharibifu wala majeruhi, mwenye haki husamehewa. Ubao ukivunjika, au kidole cha baharia kikibanwa, msamaha huo hana tena, kama angeweza kukwepa na hakukwepa.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu aiache mashua yake igongwe? Nimewauliza wengi, na jibu huwa lilelile: wanadhani bila mgongano hakuna kosa, kwamba kamati itataka kuona mbao zilizopasuka. Ni kinyume kabisa. Maana ya kupisha katika kanuni ni kwamba mwenye haki aweze kushika njia yake bila haja ya kukwepa. Akilazimika kukwepa, kosa limeshatendeka, hata kama kati yao palibaki mita 2 za maji. Kwa hiyo kwepa kwanza, kisha tamka "Protest!", yaani nalalamika, papo hapo, na kama chombo chako kina urefu wa mita 6 au zaidi, pandisha na bendera nyekundu. Umeshinda kesi na mashua nzima.

Jingine wanalosahau ni kwamba haki ya njia ina mwanzo. Ukiipata ghafla kwa kitendo chako mwenyewe, kwanza unampa mwenzako nafasi ya kukupisha. Ukibadilisha mwelekeo, vilevile. Anayebisha, yaani anayegeuza chombo kupitia upepo, ndiye huwa ananiudhi zaidi: anapindua tanga mbele ya omo, sehemu ya mbele ya chombo, ya mwenzake, tanga bado linapigapiga, naye ameshaanza kupaza sauti kudai apishwe. Tangu omo ipite jicho la upepo mpaka chombo kishike mwendo wa joshi, yeye ndiye anayepaswa kupisha. Kelele zake hazina uzito wowote. Kumtahadharisha mwenzako ni ungwana na mimi nashauri ufanye mapema, lakini hakuna kanuni inayosema mwenye koo pana apishwe. Sauti zenye nguvu ya kisheria ni chache, mojawapo ile ya kuomba nafasi ya kubisha unapokaribia kizuizi, kama vile mwamba au ufuko, na mwenzako akikuzuia.

Halafu kuna wasiojua hata upepo wao wanaupata upande gani, hasa wanapokwenda nao nyuma. Tanga kuu ndilo linaloamua. Likilalia kushoto, unahesabiwa kuwa unapata upepo kulia. Utawaona watu wazima wakibishana jambo hili mezani hadi chai inapoa.

"Kulalamika ni uadui"

Dhana hii ni binamu wa ile ya kwanza, na inaharibu klabu polepole. Nahodha anakosewa baharini, ananyamaza ili aonekane mstaarabu, kisha jioni nzima anamsema aliyemkosea kwa kila anayekaa naye. Huo ndio uadui. Michezo mingine mwamuzi hukimbia na wachezaji. Baharini, katika mbio za kawaida za klabu, hayupo. Tumekabidhiwa sisi wenyewe kuzifuata kanuni na kuzisimamia. Aliyekosea anatakiwa ajiadhibu mara moja: ajitenge na wengine, azunguke mara 2, kila mzunguko ukiwa na kupindua kwa omo na kupindua kwa tezi, yaani nyuma ya chombo. Aliyegusa boya huzunguka mara 1. Aliyesababisha uharibifu mkubwa au jeraha hujitoa mbioni, mizunguko haimtoshi.

Ushauri wangu, na najua kuna wasioupenda: ukiwa na shaka, zunguka. Kwenye mbio za saa nzima utapoteza nusu dakika hivi. Ukipingwa kikaoni ukashindwa, umepoteza mbio yote na jioni yako.

"Aliyetangulia kumaliza ndiye mshindi"

Vyombo vikiwa vya aina moja, ndiyo. Vikichanganywa, muda hurekebishwa kwa namba iliyopangiwa kila aina kulingana na kasi yake. Katika mfumo mmoja unaotumika sana, muda uliotumia unazidishwa kwa 1000, kisha unagawanywa kwa namba ya chombo chako. Mwenye namba 1000 akimaliza kwa dakika 60, anabaki na 60. Mwenye namba 1200 akifika dakika 10 baadaye, hesabu yake ni dakika 58 na sekunde 20. Huyo ndiye mshindi, kwa hiyo tafadhali msianze kushangilia ufukweni mapema.

"Upepo wa nyuma ndio wa kasi"

Hapana. Unapokimbia nao, kila unavyoongeza mwendo upepo unaolifikia tanga unapungua. Vyombo vingi hupata kasi yake bora upepo ukiingia ubavuni, au ubavuni kuelekea tezi.

"Tanga lina haki mbele ya injini, daima"

Kanuni za mbio zinawahusu waliomo mbioni. Ukikutana na meli au mvuvi, mnaongozwa na kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972. Kwa kawaida chombo cha injini humpisha mwenye tanga, ni kweli, lakini mwenye tanga naye humpisha anayevua, na haruhusiwi kuizuia meli isiyoweza kupita salama nje ya mkondo mwembamba. Kuwa mbioni si udhuru.

"Kamati ikianzisha mbio, maana yake bahari ni salama"

Uamuzi wa kuingia mbioni au kuendelea ni wa chombo chenyewe peke yake. Imeandikwa hivyo wazi. Kamati haijui tanga lako limechakaa kiasi gani, wala kwamba baharia wako mpya hajawahi kulikunja katika upepo wa mafundo 20.

"Klabu ni ya wenye mashua"

Wenye mashua ndio wanaohangaika kutafuta watu. Mashua ya mabaharia wanne hubaki ufukweni kwa kukosa mmoja, na boti ya uokoaji nayo inataka watu. Ukitaka kujifunza haraka, usikimbilie kununua chochote. Omba ukae kwenye boti ya kamati wakati wa kuanza: dakika 5 kabla, bendera ya kwanza na honi, dakika 4, bendera ya pili, dakika 1, ya pili inashuka, kisha ya kwanza inashuka na mbio zimeanza. Utaona kutoka juu ni nani hufika mstarini akiwa tayari na kasi, na ni nani husubiri honi ndipo akaze demani, kamba ya kuvutia tanga. Kisha uende kwenye mkutano wa manahodha kabla ya mbio inayofuata, useme uzito wako na kwamba unajua kuogelea. Utapata nafasi.