Nodi kuu ya ufuatiliaji: saa kwanza, cheo baadaye

Kifaa cha ufuatiliaji, yaani kinachochunga hali ya vifaa vya mtandao, kikitoka kwenye boksi, mkono hukimbilia ukurasa wa kuongeza ruta na swichi. Kazi hiyo mimi huiacha ya mwisho. Nodi kuu, yaani kifaa hicho kikipewa ukuu juu ya mwenzake wa akiba, ndiyo itakayoulizwa siku mtandao utakapokatika, kwa hiyo chochote inachohitaji ili iwake, isome na itume arifa kisitegemee kile inachokichunga.

Umeme na kebo havina maneno mengi. Kama kifaa kina pawa saplai mbili, kila moja iende kwenye UPS yake. Zote mbili kwenye UPS moja ni mapambo. Poti ya usimamizi iwe kwenye VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ya peke yake, na anwani uiandike kwa mkono badala ya kuiachia DHCP, inayogawa anwani yenyewe. Usanidi wa kwanza ufanyie kwenye konsoli, yaani kwa kebo ya moja kwa moja. Kasi huwa biti 9600 au 115200 kwa sekunde, kwa hiyo ukiona herufi zisizosomeka, badili kasi kabla ya kulaumu kebo. Badilisha nywila ya kiwandani, weka anwani, maski na lango, kisha sasisha programu dhibiti (firmware) hapo hapo, kifaa kingali kitupu.

Sasa saa. Weka vyanzo vya NTP (itifaki ya kulinganisha saa) visivyopungua vitatu, maana viwili vikitofautiana kifaa hakina namna ya kujua kipi kinadanganya. Hifadhi kumbukumbu zote (logi) kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na saa za mahali ulipo ziachie skrini izionyeshe. Saa ikiwa nyuma kwa dakika nne, cheti cha TLS (kitambulisho cha muunganisho uliosimbwa) kilichotolewa sasa hivi kinaweza kukataliwa, na utakapolinganisha logi za swichi mbili utaona tokeo limetangulia chanzo chake. Ukirekebisha saa baada ya wiki mbili za data, grafu zitabaki na pengo au mrundikano ambao hautoki.

Baada ya saa ndipo kinakuja cheo. Kitangaze kifaa hiki kuwa nodi kuu kabla ya kukiwasha kile cha akiba. Kwenye mifumo mingi ya jozi, usanidi husafiri upande mmoja tu: nodi kuu huandika juu ya chochote kilichomo kwenye akiba. Ukikosea upande, kifaa kitupu kitakifuta kilichojaa, na kitafanya hivyo bila kukuuliza mara mbili. Kabla ya kuunganisha, hakikisha matoleo ya programu yanalingana, kisha toa nakala rudufu na uihifadhi nje ya vifaa vyote viwili.

Mapigo ya kuulizana hali kati ya nodi hizo mbili yapite njia mbili tofauti. Njia ikiwa moja na ikakatika, kila nodi itadhani mwenzake amekufa, zote zitajipa ukuu, nawe utapata arifa mbili mbili na historia mbili zisizounganika. Kama anwani ya pamoja inashikwa kwa VRRP (itifaki ya kupokezana anwani moja), kumbuka kwamba hiyo si TCP wala UDP, zile njia mbili za kawaida za kusafirisha data: ni itifaki namba 112 juu ya IP, inayotumwa kwa anwani ya kundi 224.0.0.18. Ukuta wa moto unaoruhusu “TCP na UDP zote” utaizuia vilevile.

Kwenye ukuta huo, kosa la kawaida ni mwelekeo. UDP 161 ya maswali ya SNMP (itifaki ya kusoma hali ya vifaa) inatoka kwenye nodi kwenda kwa vifaa; UDP 162 ya trapu (taarifa ambayo kifaa hutuma bila kuulizwa) na UDP 514 ya syslog (logi zinazotumwa) zinatoka kwa vifaa kuja kwenye nodi. Syslog juu ya TLS ni TCP 6514. Kila kifaa kiruhusu anwani ya nodi kuu na ya akiba pia, la sivyo siku akiba itakaposhika usukani skrini nzima itakuwa nyekundu ilhali mtandao ni mzima.

Tumia SNMPv3 yenye uthibitisho na usimbaji. Toleo la 2c hupitisha neno lake la siri wazi kwenye waya. Jaribu kifaa kimoja kwanza:

snmpwalk -v3 -l authPriv -u mchunguzi -a SHA -A NYWILA1 -x AES -X NYWILA2 10.20.0.1 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6

Namba hiyo ndefu ni kaunta ya biti 64 ya baiti zinazoingia. Usitumie ile ya biti 32. Kwenye poti ya 1 Gbps iliyojaa, hiyo huzunguka na kuanza upya kila baada ya sekunde 34 hivi, kwa hiyo ukisoma kila dakika 5 grafu inakuwa ya kubuni. Swichi zilizonakiliwa usanidi mzima nazo huleta kioja chake: zikishiriki engineID moja (kitambulisho cha kifaa ndani ya SNMP), nodi huchanganya saa zao za ndani, na zinakufa na kufufuka kwenye skrini kwa zamu. Halafu kuna sysUpTime, kaunta ya muda tangu kifaa kiwake, ambayo hurudi sifuri baada ya siku 497 na kukuarifu kwamba ruta imejiwasha upya wakati haijaguswa.

Piga hesabu ya mzigo kabla ya kuchagua muda wa kusoma. Vifaa 200, kila kimoja poti 24, kila poti kaunta 6, ni thamani 28,800 kwa mzunguko: 96 kwa sekunde ukisoma kila dakika 5, au 480 ukisoma kila dakika. Hiyo ni hesabu ya siku njema. Kifaa kilichokufa ni kizito kuliko kilicho hai, kwa sababu nodi hukisubiri. Ukiweka subira ya sekunde 5 na majaribio 3, kila mfu hula sekunde 15. Vifaa 40 vikipotea nyuma ya kiungo kimoja, na nodi inauliza 10 kwa wakati mmoja, dakika nzima imekwenda. Punguza subira hadi sekunde 2, majaribio 2, na uieleze nodi nani yuko nyuma ya nani ili itume arifa ya kiungo kilichokatika pekee.

Mwisho ni jaribio. Chomoa umeme wa nodi kuu, pima muda hadi akiba ishike, kisha irudishe uone kama inapokonya ukuu kabla data haijalingana. Ikifanya hivyo, zima urejeaji wa kujiendesha. Halafu chomoa kebo ya intaneti usubiri arifa. Kama arifa zinapita kwenye barua pepe peke yake, hutapata kitu. Hapo ndipo modemu ya SMS yenye laini yake inapohitajika.