Usaliti wa mlezi katika anime: maana yake na kwa nini unauma hivi

Katika anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, usaliti wa mlezi ni pale hadithi inapomweka mtoto mikononi mwa mtu wake wa damu, awe baba, kaka au mjomba, kisha mtu huyohuyo ndiye anayemwangamiza. Adui akimdhuru mtoto tunaita ukatili. Ili uwe usaliti lazima kwanza iwepo imani, na imani ya mtoto haina masharti: analala fofofo kwa sababu baba yuko nyumbani.

Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea. Maana yake, ukimkabidhi mtu dhamana kubwa, hata aliye mbaya ataona haya kuivunja. Hadithi za aina hii zinamchukua mlezi ambaye wala hakudhaniwa kuwa mchawi, na haya hiyo haionekani.

Mfano ninaourudia kila mara ni Shou Tucker wa Fullmetal Alchemist, manga (hadithi ya katuni ya kuchapishwa) ya Hiromu Arakawa iliyoanza mwaka 2001 na kutengenezewa anime mara mbili, 2003 na 2009. Katika toleo la 2009 kisa chake kimo kwenye sehemu ya nne tu. Tucker ni mwanaalkemia wa serikali, yaani mtaalamu mwenye leseni wa kugeuza na kuunganisha vitu, anaishi na bintiye mdogo Nina na mbwa wao mkubwa, Alexander. Leseni yake aliipata kwa kutengeneza kiumbe cha mchanganyiko wa wanyama kilichoweza kusema. Kilisema kwamba kinataka kufa, kikagoma kula, kikafa. Sasa tathmini ya mwaka imekaribia na Tucker hana kipya cha kuonyesha.

Ndugu wawili, Edward na Alphonse, wahusika wakuu wa hadithi, wanakuja kusoma kwenye maktaba yake na kuishia kucheza na Nina uani. Baba anaonekana mpole, amechoka kidogo, basi. Nina anamwambia kwamba wakaguzi wakimkataa, yeye na Alexander watawangurumia. Baba anamuuliza kama angependa wacheze pamoja kesho. Mtoto anaruka kwa furaha.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Ahadi ile ya kucheza ndiyo mtego wenyewe. Tucker hatumii nguvu wala kumteka mtu. Anatumia hamu ya mtoto ya kuwa karibu na baba yake. Kitendo chenyewe hatuonyeshwi. Tunaonyeshwa kiumbe kipya sakafuni, kinaongea kwa kukwamakwama, kikimwita Edward kaka. Edward anauliza leseni ilipatikana lini. Miaka miwili iliyopita. Na mke aliondoka lini? Miaka miwili iliyopita. Kisha anauliza Nina na Alexander wako wapi. Kumbe kiumbe kile ni Nina na Alexander waliochanganywa, na hata kile cha kwanza kilikuwa mama yake Nina.

Maswali hayo yanaonyesha sharti la pili la dhana hii: dalili ziwepo tangu mwanzo, mbele ya macho yetu, nasi tuzipite kwa sababu tulimwamini mlezi kama mtoto alivyomwamini. Mwandishi akimgeuza mjomba mwema kuwa muuaji ghafla, bila dalili yoyote, huo ni mshtuko tu, na kwa maoni yangu ni uandishi wa mkato.

Upo pia usaliti uliogeuzwa ndani nje. Katika Naruto, hadithi ya ninja ya Masashi Kishimoto, Itachi anaua ukoo mzima wa Uchiha, wazazi wake wakiwemo, na kumwacha hai mdogo wake Sasuke. Anamwambia kwamba upendo wote wa kaka ulikuwa maigizo. Miaka mingi baadaye tunajua kuwa maigizo yalikuwa ule ukatili aliouonyesha mbele ya mdogo wake: mauaji yalikuwa agizo kutoka juu, kuzuia ukoo usipindue uongozi wa kijiji, na Itachi alishindwa kumuua Sasuke. Wengine humsamehe hapo. Mimi nasita, maana Sasuke aliulipia uongo ule kwa utoto wake wote, na kupendwa hakukumpunguzia hata usiku mmoja wa upweke.

Zamani, Sasuke alipoomba wafanye mazoezi pamoja, Itachi alikuwa akimgusa paji la uso kwa vidole viwili na kumwambia amsamehe, siku nyingine. Mwisho wa pambano lao, akiwa anakufa, anamnyooshea mkono uleule wenye damu. Sasuke anarudi nyuma hadi ukutani, akidhani anakuja kung'olewa macho. Vidole vinagusa paji la uso.