Spesa haiongezi ofseti

Nimelisikia tena juzi, safari hii kwa fundi ninayemheshimu: "Rimu inakwama kwenye kalipa, lakini tukiongeza ofseti kwa spesa ya kumi na tano, itaingia." Sentensi moja, makosa mawili. (Kalipa ni ile sehemu ya breki inayoibana diski; spesa na ofseti nazieleza hapa chini.) Gari lilikuwa Subaru Impreza. Mwenyewe ni kijana aliyejinyima miezi kadhaa mpaka akanunua kalipa za Brembo zilizotolewa kwenye STI, ile Impreza ya kasi, na rimu alizokuwa nazo ni za inchi 16. Spesa alizinunua. Rimu hazikuingia.

Spesa ya tairi ni kisahani, mara nyingi cha alumini, kinachokaa kati ya habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa, na rimu na kuisogeza rimu nje kwa unene wake. Basi. Ile ya kuinulia gari, inayowekwa kwenye springi au juu ya shokapu, ni kifaa kingine kilichopewa jina hilohilo, kwa hiyo ukifika dukani taja unataka ipi. Na adapta, inayobadilisha mpangilio wa bolti, tuseme kutoka 5x100 (bolti tano kwenye duara la milimita 100) hadi 5x114.3, si spesa hata kama inasogeza rimu vilevile.

Linalonikera ni hilo la ofseti. Chukua rimu, ikate kwa mawazo katikati ya upana wake, kama unavyopasua mkate wa boflo. Kutoka kwenye mkato huo, pima mpaka ule uso unaolala kwenye habu. Umbali huo, kwa milimita, ndio ofseti. Kwa magari yetu mengi uso huo uko upande wa nje wa mkato, ndiyo maana namba ni chanya. Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiingereza, nako linamaanisha tu kitu kilichowekwa pembeni ya mstari. Pembeni ipi? Halisemi. Hapo ndipo watu wanapopotelea: wakisikia "ofseti kubwa" wanaona rimu iliyochomoza nje ya bodi, kwa sababu macho yetu huona kinachochomoza.

Sasa geuza rimu yako utazame nyuma ya spoku. Utakuta herufi mbili, ET, kisha namba, kwa mfano ET48. ET ni kifupi cha neno la Kijerumani, Einpresstiefe. Kipande cha mwisho, Tiefe, ni kina. Cha mwanzo kinatokana na kitendo cha kushindilia kitu ndani. Wajerumani walituachia jibu kwenye chuma chenyewe: mimi husoma ET kama kina cha kuzama. Namba ikiwa kubwa, gurudumu limezama zaidi kuelekea kwenye shokapu. Ikiwa ndogo, limetoka nje. Kwa hiyo rimu ya ET48 ukiiwekea spesa ya milimita 15 inakaa kama rimu ya ET33. Ofseti imepungua. Kilichoongezeka ni upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, milimita 30 kwa jumla, pamoja na mzigo unaobebwa na beringi, maana gurudumu sasa linaning'inia mbali zaidi.

Mtu ataniambia ni maneno tu, fundi anajua anachofanya. Hapana. Ukiagiza rimu kwa simu ukaomba "ofseti kubwa zaidi ili ivuke kalipa", utaletewa rimu inayozama ndani, na spoku zitaigonga kalipa kwa nguvu kuliko za mwanzo.

Kosa la pili ndilo lililomgharimu yule kijana. Kalipa kubwa hugusa rimu sehemu mbili tofauti. Inaweza kugusa mgongo wa spoku, au kugusa ukuta wa ndani wa pipa la rimu, ile duara inayobeba tairi. Spesa inasogeza rimu kwenda nje tu, hivyo inaleta nafasi kwenye spoku. Haiipanui rimu. Diski ya mbele ya breki zile za STI ina kipenyo cha milimita 326, yaani 163 kutoka katikati. Rimu ya inchi 16 ina takriban 203 kutoka katikati mpaka pale ukingo wa tairi unapokaa. Zimebaki 40, na ndani ya hizo 40 lazima ukae unene wa chuma cha rimu, lile bonde la katikati ya pipa linaloshuka zaidi kuelekea habu, na mgongo wa kalipa unaoruka juu ya diski. Rimu ya inchi 17 inakupa karibu milimita 13 zaidi kila upande, na STI zenye kalipa hizo zilitoka kiwandani na rimu za 17 au kubwa zaidi. Kuna rimu ambazo pipa lake hupanuka kuelekea ndani ya gari, hapo spesa huweza kukuokotea milimita mbili tatu kwa bahati, lakini hiyo ni bahati ya umbo.

Kujua inagusa wapi ni kazi ya dakika kumi. Kata madonge ya unga wa chapati uliokandwa, bandika moja usoni mwa kalipa na jingine mgongoni, vaa rimu tupu bila tairi, kaza nati mbili kwa mkono, izungushe polepole, kisha ivue. Donge lililobanwa mpaka chuma kikaonekana litakuambia. Fanya hivyo breki pedi zikiwa mpya, na usisahau zile risasi za kubalansi zinazobandikwa ndani ya pipa, nazo zinahitaji nafasi yake.

Likiwa ni donge la usoni, spesa ni dawa halali, ila hesabu bolti. Subaru hutumia uzi wa M12x1.25, yaani bolti ya milimita 12 ambayo kila mzunguko nati husogea milimita 1.25, kwa hiyo spesa ya milimita 15 inaila mizunguko 12 ya nati kwenye bolti ileile. Nati ikishika chini ya mizunguko kumi hivi, usiliendeshe. Weka bolti ndefu zaidi, au spesa yenye bolti zake na ukingo wake wa kukaa kwenye habu, ambao kwa Subaru una kipenyo cha milimita 56.1.

Kwa hiyo fundi wangu, naomba tu tubadilishe usemi. Mteja akija, tusimwambie "rimu haiingii, tuongeze ofseti." Tumwambie "inagusa spoku, tupunguze ET," au "inagusa pipa, tafuta rimu ya 17."