Uso wa nyota wa Hollywood: taa, poda na ncha ya penseli

Ukiitazama picha mnato ya waigizaji Marlene Dietrich au Joan Crawford ya miaka ya 1930, anza na kivuli cha pua. Kimeangukia wapi? Kirefu kiasi gani? Kingo zake ni kali au zimefifia? Kivuli hicho kitakuambia taa ilisimama wapi na ilikuwa ya aina gani, na mara nyingi kitakuonyesha mpiga picha alitaka kuficha nini. Haiba ya enzi ya studio huzungumzwa kama zawadi ya kuzaliwa. Kwa kweli ilitengenezwa na mafundi, na ufundi wao mkubwa ulikuwa kujua filamu, yaani utepe ulio ndani ya kamera, inaona nini na haioni nini.

Hadi katikati ya miaka ya 1920 filamu ya kawaida studioni ilikuwa othokromatiki. Hiyo hupokea buluu na kijani, lakini nyekundu haiioni. Kwa hiyo mdomo uliopakwa rangi nyekundu ulitoka mweusi, macho ya buluu yakatoka meupe ya kutisha, na madoadoa ya hudhurungi usoni yakaonekana kama mtu karushiwa matope. Ndiyo maana waigizaji wa filamu bubu walipakwa weupe mzito na kuzungushiwa wanja. Ilikuwa dawa ya upofu wa filamu kabla ya kuwa mtindo. Filamu ya panikromatiki, inayoona rangi zote, ilikuwepo tangu muongo uliotangulia, ila bei yake ilikuwa juu. Kodak, kampuni iliyotengeneza filamu hizo, ilipoishusha mwaka 1926 ikawa sawa na ile ya zamani, studio zikaanza kuhama.

Kisha ikaja sauti. Taa za arki za kaboni zilikuwa na mlio, na maikrofoni ziliunasa wote. Zikaingia balbu za tungsteni, ambazo mwanga wake umeegemea upande wa nyekundu, yaani upande uleule ambao filamu mpya ilikuwa imefunguliwa macho. Vipodozi vya zamani vikaharibika papo hapo: weupe ule sasa ulionekana kama chokaa. Mwaka 1928 mtengenezaji wa vipodozi Max Factor akatoa vipodozi vya panikromatiki, vya rangi za hudhurungi zinazokaribia ngozi. Rangi ilipofika kwa Technicolor, mfumo wa filamu za rangi, tatizo likageuka tena, kwa sababu mafuta usoni yaliakisi rangi ya nguo na ya ukuta wa jirani. Jibu lake lilikuwa Pan-Cake ya mwaka 1937, poda iliyoshindiliwa, inayopakwa kwa sponji yenye maji na kukauka bila kung'aa.

Turudi kwenye nyeusi na nyeupe, maana huko ndiko haiba ilikofikia kilele.

Mwanga wa Dietrich, ambao mafundi waliuita kwa jina la studio ya Paramount, unaweza kuujaribu hata leo. Unahitaji taa ndogo yenye lenzi ya Fresnel, kioo chenye mikunjo ya duara, inayotoa mwanga mkali na kivuli chenye kingo. Sanduku kubwa la kitambaa halifai: chanzo kipana cha mwanga huyeyusha kingo za kivuli, na bila kingo hizo hakuna mifupa ya mashavu. Iweke taa mbele kabisa ya uso, juu ya kamera, umbali wa mita moja na nusu hadi mbili. Ipandishe polepole huku ukitazama sehemu iliyo chini ya pua ya nyota. Kitajitokeza kivuli kidogo chenye umbo la kipepeo. Simama kabla hakijafika nusu ya njia kati ya pua na mdomo wa juu. Kikigusa mdomo, taa imepanda mno: mashimo ya macho yanajaa giza na ile nukta ya mng'ao kwenye mboni inapotea, na jicho lisilo na nukta hiyo hutoka limekufa. Ikishuka mno, mashavu yanalala na uso unakuwa sahani.

Baada ya hapo weka taa ya nyuma, juu ya kichwa, ili ichore nywele na kuzitenga na giza la ukuta. Hakikisha haimwagikii ncha ya pua, kosa ambalo hata studio kubwa zililifanya. Mwisho ni taa ya kujazia karibu na lenzi, kwa kipimo cha takriban robo ya nguvu ya taa kuu, tofauti ya stopu mbili, yaani mwanga uliopunguzwa nusu mara mbili. Ukiipa nguvu zaidi, kipepeo anafutika na kazi yote imepotea.

Ubaya wa mwanga huu ni kwamba haustahimili kutembea. Nyota akigeuza kichwa kidogo, kipepeo anateleza shavuni na kuonekana kama doa. Ndiyo sababu katika filamu za mwongozaji Josef von Sternberg, zikiwemo zile alizopigiwa na mpiga picha Lee Garmes kama ile ya mwaka 1932 iliyompa Garmes tuzo ya Oscar, Dietrich hutulia kabisa kamera inapomkaribia. Watazamaji walisema ni siri ya kike. Mimi naona nidhamu ya mtu anayejua taa yake iko wapi.

Mwigizaji Merle Oberon alihitaji kitu kingine. Alipata ajali ya gari mwaka 1937 ikamwachia makovu. Mpiga picha Lucien Ballard akafunga taa ndogo karibu kabisa na lenzi, ikaitwa Obie. Mwanga unaotoka upande uleule wa lenzi hauachi kivuli kinachoonekana na kamera, na kovu lisilo na kivuli ni kama halipo.

Kwenye picha mnato fundi aliyebadilisha mambo ni George Hurrell. Mwigizaji Norma Shearer alimwendea mwaka 1929 kwa sababu mumewe, Irving Thalberg, mkuu wa uzalishaji wa studio ya MGM, hakuamini kwamba anaweza kucheza mwanamke mwenye mvuto wa kimwili. Picha zikamshawishi, na mwaka 1930 Hurrell akawa na kazi MGM. Alining'iniza taa kwenye mkono mrefu wa chuma, hivyo angeweza kuileta juu ya kichwa au nyuma ya bega bila stendi kuonekana. Na alipenda uso usiopakwa poda, ung'ae kwa mafuta, kwa sababu mng'ao ndio unaochonga mfupa.

Lakini ngozi tupu chini ya mwanga mkali hufichua kila kitu, na Crawford alikuwa na madoadoa tele. Hapo ndipo penseli ilipoingia.

Kamera za picha mnato zilitumia negativu, yaani filamu yenye picha iliyogeuzwa weusi na weupe, za inchi 8 kwa 10, karibu sentimita 20 kwa 25, na picha za matangazo zilichapishwa kwa kubandika negativu moja kwa moja juu ya karatasi, bila kukuza. Hilo ndilo lililowezesha ufundi wote, kwani alama ya penseli haikukuzwa pamoja na uso. Negativu hulazwa juu ya kioo cha ukungu chenye taa chini yake, ikapakwa kimiminika kinachoipa ukwaruzo ili risasi ya penseli ishike. Kumbuka kila kitu kimegeuka: doadoa jeusi usoni ni tundu jeupe kwenye negativu. Fundi hulijaza kwa penseli ngumu iliyochongwa kama sindano, kwa vimstari vya duara, hadi lilingane na ngozi ya jirani. Mikunjo vilevile. Akizidisha, mahali hapo hutoka na doa jeupe, na ngozi inakuwa nta.

Kupunguza mwanga ni kazi ya kisu. Unakwangua utando wa negativu pole pole ili sehemu iliyong'aa mno itoke nyeusi zaidi. Kwa kisu hichohicho walipunguza viuno: mandhari ya nyuma yakiwa meusi, unakwangua ukingo wa kiuno mpaka uwazi, na karatasini unaungana na giza. Penseli hufutika. Kisu kikiteleza, negativu imekwenda.

Filamu inayotembea, yenye picha 24 kwa sekunde, haikuweza kurekebishwa hivyo, ndiyo maana waliweka kitambaa chembamba cha wavu mbele ya lenzi. Kililainisha ngozi, lakini kilitandaza mwanga wa mshumaa na wa satini nyeupe. Angalia mazungumzo ya karibu: nyota wa kike ameyeyuka kama ndotoni, mwanamume anayemjibu ana kila nywele ya kidevu. Mshtuko huo haukuwahi kutatuliwa, walitegemea watu kutoangalia.

Satini yenyewe ilichaguliwa kwa sababu ya mwanga. Katika nyeusi na nyeupe rangi ya kitambaa haina kazi kubwa, mng'ao ndio unaozungumza. Satini iliyokatwa mshazari, kama gauni jeupe la Jean Harlow katika Dinner at Eight ya mwaka 1933, lililobuniwa na Adrian, mbunifu wa mavazi wa MGM, hufuata mwili na kubeba mstari wa mwanga kila anapopumua.

Mfumo huu wote ulipimwa kwa ngozi nyeupe. Lena Horne, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi, aliposaini na MGM mwaka 1942, kwa simulizi yake mwenyewe, kampuni ya Max Factor ilimtengenezea rangi iliyoitwa Light Egyptian ili aonekane mweusi zaidi, kisha studio ikaipaka waigizaji weupe waliopewa nafasi za wanawake machotara. Nyimbo zake ziliwekwa pembeni mwa hadithi ili zikatwe kwa urahisi filamu zilipopelekwa majimbo ya kusini mwa Marekani.

Inaudhi zaidi kwa fundi anayejua kwamba mwanga wa Hurrell unaipenda ngozi nyeusi. Ngozi nyeupe huchongwa kwa vivuli. Ngozi nyeusi huchongwa kwa mng'ao: paji, mfupa wa shavu, ukingo wa taya. Usiongeze nguvu ya taa kuu, utaiosha ngozi na kupoteza rangi yake. Isogeze taa pembeni kidogo mpaka mng'ao ukae juu ya mfupa, weka ya pili nyuma ya bega upande wa pili, pima mwanga kwenye mng'ao wenyewe badala ya shavu zima, na iache poda ya kukausha mkobani.